Maji ya Dawa ya Mkwe Wangu

Nilimtibu mkwe wangu kifua kikuu mpaka akapona, na sikuwahi kuona mahali sindano ilipoingia. Maji ya kuchanganyia dawa yake niliyachagua mimi. Vifuniko vya chupa nilivipangusa spiriti mimi. Lakini jipu lilipomwota na kumlaza hoi hospitalini Homa Bay, walioliona walikuwa watu wengine wote. Mimi, niliyehitaji kuliona kuliko wote, nilikaa nje kwenye veranda nikisubiri kuambiwa.

Anayetoka kwetu Ujaluoni ameshaelewa. Kwa asiyetoka kwetu, nieleze: mama mkwe, tunayemwita maro, na mume wa binti yake hawashikani mikono. Hawali sahani moja wala hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mwanamume hujitenga pembeni na kuinamisha macho mpaka mama apite. Kumvulia nguo mama mkwe, hata kama yeye ni muuguzi na wewe ni mgonjwa, ni jambo ambalo wazee wetu hawakulitungia kanuni kwa sababu hawakudhani linaweza kutokea. Walichosema tu ni kwamba anayevunja heshima hiyo hupatwa na chira: hudhoofika, hukauka, hufa. Na mkwe wangu alipofika zahanati alikuwa amekwisha kudhoofika na kukauka, kwa hiyo wapo waliomhukumu kabla hata sijamgusa.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Zahanati yetu ilikuwa nje ya Migori, upande wa barabara ya Karungu, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu kutoka sokoni. Wafanyakazi tuliokuwa na ruhusa ya kushika sindano tulikuwa wawili. Mmoja alikuwa msimamizi, mtu wa milimani, ambaye watu wote walimwita daktari ingawa mwenyewe alikuwa akiwasahihisha. Mwingine ni mimi, na mimi niliitwa Sista hata na watoto wangu wa kuzaa. Daktari alikuwa pia na zahanati nyingine mbili za kuzungukia, kwa hiyo nusu ya juma hakuwapo.

Binti yangu alimleta mumewe kutoka Muhuru Bay mvua za masika zilipoanza kupungua. Alikuwa mvuvi, kijana mrefu mwenye mabega ya kuvuta nyavu, na mabega hayo sasa yalikuwa yameshikilia shati kama kiango cha nguo. Walimpangia chumba kwa binamu yake mjini Migori ili awe karibu na matibabu. Makohozi yake yalipelekwa Homa Bay na majibu yakarudi kama tulivyoogopa. Daktari alimwita ndani, akamweleza mpango: vidonge kila siku kwa muda mrefu sana, na kwa miezi ya kwanza sindano ya streptomaisini kila siku, bila kuruka. Kisha akatoka nje kunieleza mimi, maana nilikuwa nimekwenda kusimama chini ya upenu wa bati ili nisisikie.

“Sista,” aliniambia, “huyu akianza halafu akaacha, ni afadhali asingeanza. Wadudu watazoea dawa. Unanielewa? Siku zangu nitamchoma mimi. Siku zako itakuwaje?”



Tulijaribu mkono badala ya makalio. Siku ambazo daktari hakuwapo, mkwe wangu aliingia chumba cha sindano akiwa na mke wake, akakunja mkono wa shati, akageuzia uso mlangoni, na akatandika kitambaa juu ya ngozi mahali ambapo vidole vyangu vingemshika. Mimi nilichoma nikimtazama binti yangu. Lakini mkono wa mtu aliyekonda hauna nyama ya kupokea maji mengi. Dawa ile ni unga mweupe unaokuja katika chupa yenye kifuniko cha mpira. Hauwezi kuingia mwilini mpaka uuyeyushe, na unavyoyeyushwa ndivyo utakavyouma. Ukitia maji mengi, dawa inakuwa nyepesi lakini mkono unajaa. Ukitia machache, mkono hauvimbi sana lakini dawa ni nzito na inachoma kama pilipili. Nilijaribu yote mawili. Baada ya siku chache mkono wa kwanza ulikuwa mgumu kama gogo, tukahamia wa pili, na wa pili nao ukawa vilevile. Hakuweza kuinua kikombe.

Binti yangu ndiye aliyeleta ombi, kwa sababu mwenyewe asingeweza kuzungumza nami habari za maumivu ya mwili wake. Aliuliza kama dawa haiwezi kuchanganywa na ile ya ganzi tuliyotumia kushonea vidonda. Alikuwa amesikia kwamba mahali fulani wanafanya hivyo. Ni kweli walifanya, na nilimpelekea daktari ombi hilo. Akakataa. Alisema ganzi tuliyo nayo ni ya kushonea, ni kidogo, na yeye aliwahi kumwona mtu akipigwa kifafa kwa ganzi iliyoingia vibaya. Hataki kuona jambo hilo tena mahali ambapo hakuna hata gari la kumkimbiza mtu.

Wiki iliyofuata mkwe wangu alikosa sindano siku zote ambazo daktari hakuwapo. Hakugoma wala hakusema neno baya. Alikuja, akakaa benchi la nje mpaka jioni, akaniaga kwa mbali, akarudi mjini.

Aliyetutoa hapo alikuwa mwenye duka mmoja wa Migori, Mwislamu wa kutoka pwani aliyeuza sukari, chumvi, mafuta ya taa na vitambaa. Mkewe alikuwa na ugonjwa wa sukari, na yeye mwenyewe ndiye aliyemchoma insulini kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Nilimjua kwa sababu alikuja kwetu kununua sindano mpya zake za zamani zilipokuwa butu. Daktari alipinga kwanza, kwa kuwa mtu wa duka si mtu wa dawa. Kisha akaenda kunywa chai dukani, akatazama jinsi anavyochemsha bomba na sindano zake, akarudi amebadilika. Alisema mtu anayemchoma mkewe kila siku na mkewe bado anampikia, mkono wake lazima uwe mwepesi.

Basi tukapanga. Siku za daktari, sindano zahanati. Siku nyingine, sindano dukani, katika chumba cha nyuma kilichokuwa na magunia ya sukari na kitanda cha kamba. Kwa sababu kitanda kile kilibanwa na magunia, mgonjwa aliweza kulala kwa namna moja tu, na mwenye duka akawa anamchoma upande wa kushoto siku zote. Nilimwambia abadilishe pande. Akasema magunia hayamruhusu, na hawezi kuyahamisha, maana panya watahamia chini yake. Daktari akasema hakuna shida. Yeye atatumia upande wa kulia peke yake, kila upande upate siku zake za kupumzika. Hayo nimeyaeleza kwa urefu kwa sababu yalikuja kuwa na maana kuliko tulivyofikiri.

Ilibaki habari ya maji.

Chupa zetu za streptomaisini zilikuwa zile kubwa, za kutosha dozi za watu kadhaa. Asubuhi nilitia maji ya ampuli, kichupa cha kioo kilichofungwa, yale ya kuchanganyia sindano, safi, hayana kitu kingine chochote ndani. Nilitoboa mpira kwa kila mgonjwa, na jioni kilichobaki nilikimwaga. Hiyo ilikuwa amri na ilikuwa amri nzuri. Maji matupu hayana kinga. Kila sindano inayopita kwenye mpira inaweza kuingiza kitu, na kitu kikishaingia, maji matupu ni nyumba nzuri kwake. Kwa hiyo ili mkwe wangu apate sindano ya dukani, ilinibidi kila siku ya zamu yangu nimalize wagonjwa, nivute dozi yake kwenye bomba lililochemshwa, nilifunge katika kitambaa safi, nitembee mpaka Migori, nilikabidhi kwa mwenye duka, nisubiri mbele kwenye mizani mpaka amalize, nirudishe bomba, nitembee tena mpaka nyumbani. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu. Magoti yangu yalikuwa na umri zaidi. Kulikuwa na jioni nilizofika nyumbani nikakaa mlangoni bila kuvua viatu, kwa sababu kuinama kulikuwa kazi nyingine.

Mwenye duka aliniona. Jioni moja aliponirudishia bomba, aliniuliza swali ambalo mimi na cheti changu tulipaswa kulifikiria mapema.

“Mama, hebu niambie. Dawa ya mke wangu yakaa mtungini, penye baridi, wiki nzima na zaidi, naitoboa kila siku, na haiozi. Hii yenu mbona yafa jioni ile ile?”

Mkewe, aliyekuwa akipima mchele, alidakia: “Yenu ni ya serikali. Saa kumi imefunga ofisi.”

Nilicheka, na njiani nikaacha kucheka nikaanza kufikiri. Insulini ilikaa kwa sababu kiwandani walikuwa wameitia dawa nyingine kidogo ya kuzuia wadudu wasizaliane. Na nilikumbuka kwamba yapo maji ya kuchanganyia yaliyotiwa kinga ya namna hiyo, katika chupa yenye mpira, yaliyotengenezwa hasa kwa ajili ya chupa itakayotobolewa mara nyingi. Niliyaona nikiwa mwanafunzi. Streptomaisini yenyewe si kama penisilini, ambayo ikishalowa haikai. Ukiiweka mahali pa baridi inavumilia siku kadhaa. Kilichokosekana ni maji yenye kinga. Nikiyapata, ningeweza kuchanganya chupa nzima mara moja, kuipeleka dukani, na kumwachia mwenye duka aiweke kwenye mtungi kando ya ile ya mkewe.

Daktari aliponikubalia, nilipanda basi la Homa Bay kupitia Rongo. Mtunza stoo ya dawa alikuwa mtu wa maneno mengi. Alinitolea maji ya chumvi kwanza, akisema anayo tele na yeye angefurahi yakipungua. Nikamwambia maji ya chumvi yangeyeyusha dawa vizuri tu, lakini hayana kinga kama vile maji matupu yasivyo nayo, kwa hiyo sijaondoka kwangu alfajiri kwa ajili hiyo. Akanitazama upya. Akaingia ndani kabisa, akarudi na sanduku lenye vumbi. Akafungua chupa moja akaninusisha: harufu tamu kidogo, kama ya lozi, hafifu sana. Alinikumbusha yasiingie kwenye mshipa kwa wingi, yawekwe pa baridi, na chupa iliyokwisha tobolewa isikae kupita muda ulioandikwa. Nilikuwa nikijua, lakini nilimwacha aseme, kwa sababu mtu anayekupa kitu ana haki ya kukufundisha.

Kwa majuma kadhaa nilipumzika. Hilo ndilo neno la kweli. Nilichanganya chupa mwanzoni mwa zamu yangu, nikaipeleka dukani mara moja, na siku zilizobaki nikaenda nyumbani moja kwa moja. Mkwe wangu hakukosa sindano hata siku moja. Homa za usiku zilikoma. Binti yangu alisema anakula ugali mpaka anaomba tena. Nilimwona barabarani siku ya soko, akanipisha kama kawaida, na nikaona kwamba shati lilikuwa limeanza kupata bega la kukalia.

Kisha akaacha kukaa.

Niliona hilo kabla sijaambiwa lolote. Alikuja zahanati siku ya daktari, na benchi lilikuwa wazi, akasimama. Siku nyingine tena, akasimama, amekishika kiguzo cha veranda. Nilipopita mbele yake alijikaza akatembea sawasawa, miguu yote miwili, kama askari kwenye gwaride. Nilimwuliza binti yangu kama kuna kitu. Alisema amechoka tu. Niliuliza tena kesho yake, akasema amechoka. Sasa najua alichoelewa mwenyewe: kwamba mume wake anaumwa mahali pasipotajwa kwa maro, na mke mwema halitaji kwa niaba yake. Daktari, siku hiyo aliyosimama mara ya pili, alikuwa na foleni ya surua mpaka barabarani, akamchoma kwa haraka. Kama aliona kitu, hakuniambia.

Mwisho homa ikampanda akiwa kwa binamu yake, na wakampakia kwenye lori la samaki linalokwenda Homa Bay. Walimlaza kifudifudi juu ya magunia matupu. Hivyo ndivyo nilivyojua ni jipu, na liko wapi kwa jumla. Mtu halazwi kifudifudi kwa sababu ya kifua.

Nilimfuata siku ya pili. Hospitalini nilikuta wamekwisha kumpasua. Sikuingia wodini; alikuwa amelala wazi akipakwa dawa. Nilikaa kwenye veranda, na hapo nikamkuta mama yake, mjane aliyefanya biashara ya omena, dagaa wa ziwani, huko Muhuru Bay, amekaa juu ya mfuko wake kwa sababu hakuamini viti vya serikali. Tulisalimiana vizuri. Kisha akaniuliza kwa Kijaluo, polepole, huku akitazama ziwa:

“Mama wa msichana, ulimgusa mwanangu?”

“Sijamgusa tangu tulipoacha kumchoma mkononi. Na huko nako aliweka kitambaa.”

“Dawa ilikuwa unga.”

“Ilikuwa unga.”

“Maji alitia nani?”

“Mimi.”

“Basi umemgusa,” alisema. “Mkono wako ulikuwa kwenye maji, na maji yameingia ndani ya nyama yake. Kitambaa kingesaidia nini?”

Nilikuwa na majibu mengi ya kitabu, na nilipoyapanga kichwani nikaona hakuna hata moja linalojibu alichosema. Kwa njia yake alikuwa ameuliza swali lile lile nililokuwa nikijiuliza tangu lori lilipoondoka: je, ni maji? Yeye alishuku mkono ulioyatia. Mimi nilishuku chupa iliyotobolewa mara nyingi, iliyokaa kwenye mtungi wa dukani. Lakini ingeweza kuwa sindano isiyochemshwa vya kutosha. Ingeweza kuwa daktari na haraka yake, kwa maji matupu ya asubuhi ile ile. Ingeweza kuwa ugonjwa wenyewe, maana kifua kikuu nacho huota majipu yake.

Alichosema baadaye kilinitisha zaidi. Kidonda kikikauka, angemchukua mwanawe Muhuru Bay, na hakutakuwa na sindano tena.

Sikubishana. Nilimwuliza tu kama kinachomkataza ni sindano au ni mkono wangu. Alifikiri. Akasema sindano hana ugomvi nayo. Mwanawe alianza kunenepa, macho anayo. Ugomvi ni maji. Na hapo akatoa kwenye mfuko wake chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi. Yalikuwa maji ya ziwa, aliyoyateka mbele ya nyumba yao na kuyachemsha mara mbili katika chungu kipya. Maji ya kwao. Dawa ichanganywe na hayo.

Nilimweleza kwamba moto huua kilicho hai lakini hauondoi kila kitu kinachobaki kwenye maji ya ziwa, na kwamba kinachofaa kunywewa si lazima kifae kuchomwa. Alinisikiliza kwa heshima kama unavyomsikiliza mtu anayesifu bidhaa yake. Chupa haikurudi mfukoni.

Nilikuwa na ampuli moja kwenye pochi yangu, sikumbuki kwa nini. Nilimpa. Aliinyanyua kwenye mwanga, akaigeuza, akaona maji yakipanda na kushuka ndani ya kioo, akatafuta kizibo.

“Inafunguliwa wapi?”

“Haifunguliwi. Inavunjwa shingo siku ya kutumiwa, ikishatumika inatupwa. Ilifungwa kwa moto huko ilikotengenezwa.”

“Kwa hiyo hakuna aliyetia mkono.”

“Hakuna.”

“Hata Mzungu?”

“Ni mashine, mama.”

Aliizungusha tena. “Mashine si mkwe wa mtu,” alisema, na akaifunga kwenye pindo la leso yake.

Kwa hiyo maji yalichaguliwa mara ya pili, na safari hii tuliyachagua wawili, kila mmoja kwa sababu yake. Yeye aliyataka kwa sababu hayakuwa yamepita mkononi mwangu. Mimi niliyataka kwa sababu yakivunjwa leo yanakwisha leo, na lolote lililotokea kwenye mtungi halingetokea tena. Nilikwenda stoo kuomba chupa ndogo za streptomaisini, za dozi moja moja, ili unga nao usikae umefunguliwa. Mtunza stoo alilalamika, akatoa. Sanduku la ampuli na chupa nilimkabidhi mama wa mkwe wangu hapo hapo, na tangu siku hiyo zilikaa chini ya kitanda chake kwa binamu, Migori, ambako alihamia kulinda zoezi lote. Kuchanganya kulifanywa na mke wa mwenye duka, aliyekuwa na macho makali kuliko mumewe. Siku za mwanzo nilisimama upande wa mbele wa dukani, pazia katikati, nikimwambia kwa sauti: vunja kwa kitambaa, vuta yote, tia taratibu ukutani mwa chupa, usitikise kama unga wa uji, zungusha. Alijibu kwamba amepika maandazi miaka yote hiyo na hajawahi kusimamiwa na mtu aliye nyuma ya pazia. Nyuma zaidi nilimsikia mkwe wangu akicheka, na ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia akicheka nikiwa karibu.

Safari hii walimchoma pajani. Alimaliza sindano zote. Aliendelea na vidonge mpaka mwisho, mama yake akimhesabia kiganjani. Makohozi yalipopelekwa Homa Bay tena, hayakuwa na kitu. Akarudi ziwani, na wajukuu wangu watatu wamezaliwa baada ya hapo.

Ningeweza kuishia hapa kama nisingekuwa na lile sanduku la vumbi. Chupa za maji yenye kinga zilizobaki zilikuwa kabatini mwangu, na wagonjwa wengine wa mbali walikuwa wakiacha sindano kwa sababu hiyo hiyo ya safari. Maji yale yangewasaidia. Au yangewaotesha majipu. Na nilijua jinsi ya kupata sehemu kubwa ya jibu. Maji yenye kinga yalitumika dukani tu, upande wa kushoto. Maji matupu yalitumika zahanati tu, upande wa kulia. Jipu likiwa la kulia, basi maji yenye kinga, mtungi na mwenye duka, wote hawana kosa. Mtu mmoja aseme neno moja, kulia au kushoto.

Nilianza na hospitali. Mtunza stoo alinisaidia kumwuliza dresa aliyefunga kidonda, akarudi akicheka: dresa alisema amefunga makalio mengi mwaka ule na hayapi majina. Daktari wetu alikuwa amehamishwa wakati mkwe wangu akiwa bado wodini, akaenda upande wa milimani kabla sijapata nafasi ya kumwuliza. Mama yake mgonjwa alinijibu kwamba mwili wa mwanawe si habari ya mama wa msichana, na kwamba amepona, nataka nini tena.

Nikaenda kwa mwenye duka. Yeye alikuwa amemwona baada ya kidonda, hakuweza kusema hajui. Alifunga mizani, akanipa kiti.

“Mama, nikisema kushoto, nimejishtaki mwenyewe. Nikisema kulia, nimemshtaki daktari na hayupo kujitetea. Mtu kapona. Niache na sukari yangu.”

Nilimwambia si kesi, ni wagonjwa wengine. Akasema anaelewa, na akanipimia chai ya bure, lakini hakusema.

Alibaki binti yangu. Nilimngoja mpaka aje peke yake, nikamweleza kila kitu kama ninavyoeleza hapa, maji haya na maji yale, upande huu na upande ule. Alisikiliza akichambua mboga. Kisha akasema, bila hasira, “Mama, hata wewe?” Akaendelea kuchambua. Nilimzaa mimi, na nilimfundisha mimi heshima hiyo aliyokuwa akiilinda mbele yangu.

Daktari mpya alipofika alikagua kabati, akalitoa sanduku, akaniuliza maji haya yana ubaya gani mpaka yakawekwa kando. Nilimwambia sijui kama yana ubaya. Akauliza basi kwa nini hatuyatumii. Nikamwambia sijui kama hayana. Alinitazama kama mtu aliyechoka kumsikiliza mtu aliyechoka, akalirudisha mahali pake, na muda wake ukapita yakiwa humo.

Mwenye duka na mkewe walirudi pwani zamani. Mama yake mkwe wangu tulimzika Muhuru Bay. Mkwe wangu ana mvi sasa na bado hunipisha njiani. Kovu analo, kwa kuwa jipu la namna ile haliwezi kukosa kuacha kovu. Liko kulia au liko kushoto.